Seymour Cray: fundi aliyeshindana na joto la mashini

Mtu yeyote aliyefanya kazi ndani ya sekretariya ya kartye anaijua hii. Ni saa nane ya mchana, bati la nyumba liko moto, jenereta inalia inje, na ordinatere iliyopiga kazi tangu asubuhi inaanza kuhema kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Ventilatere yake inapiga kelele, kisha mashini inajizima yenyewe na barua ya mteja inapotea. Wengi wanasema ni virusi. Mara nyingi si virusi, ni joto.

Siku hizi vijana wanaopenda kuunga ordinatere kwa mikono yao wanaona kwenye simu picha za mashini zinazopozwa kwa maji: tiyo zinazoangaza, pompi ndogo, na radiyatere sawa ile ya gari lakini ya kimo cha kitabu. Wanajiuliza: nani alithubutu kuingiza maji ndani ya mashini ya umeme, na kila mtu anajua kama maji na umeme havipatani?

Si mtu mmoja aliyeanza. Lakini kuna mmoja ambaye maisha yake yote ya kazi yalikuwa vita juu ya joto hilo, na aliyepigana vita hiyo kuliko mwingine yeyote. Jina lake ni Seymour Cray, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1996. Tangu 1964, mara kwa mara mashini ya hesabu yenye mbio kuliko zote duniani ilikuwa ile iliyotoka mkononi mwake. Na kila mara, kabla ya kupata hizo mbio, ilimbidi kwanza ajibu swali moja: joto litatokea wapi?

Mtoto wa mji mdogo

Seymour Cray alizaliwa tarehe 28 Septemba 1925 katika Chippewa Falls, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Ni inchi ya baridi kali, mito na misitu. Baba yake alikuwa injenia wa ujenzi, na yeye njo aliyemfungulia mtoto njia: chumba cha chini ya nyumba kiligeuka kuwa atelie ya Seymour, chenye nyaya, mota na vipande vya radio.

Alipokuwa na miaka kama 10 hivi, alitengeneza kifaa kwa vyuma vya kuchezea vya watoto. Kifaa hicho kilisoma karatasi iliyotobolewa matundu na kuigeuza kuwa ishara za Morse, ile lugha ya telegrafu ya alama fupi na ndefu. Kwa mtoto wa umri huo, tayari ilikuwa wazo la ordinatere: habari zinaingia kwa matundu, mashini inazitafsiri, zinatoka kwa sura ingine.

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka wa 1943, katikati ya Vita ya Pili ya Dunia, na akaitwa jeshini. Alifanya kazi ya radio kule Ulaya, kisha akapelekwa Ufilipino, ambako alikuwa kati ya wale waliosaidia kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Vita ilipoisha alirudi masomoni, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Alitoka na shahada ya uinjenia wa umeme, kisha ingine ya hesabu mwaka wa 1951.

Kazi ya kwanza ndani ya kiwanda cha zamani

Kampuni iliyomwajiri iliitwa Engineering Research Associates, katika mji wa St. Paul. Ilikuwa imeanzishwa na watu waliofumbua siri za adui wakati wa vita, na ilifanya kazi ndani ya jengo kuukuu ambamo zamani walitengeneza ndege zisizo na mota. Humo Cray alijifunza ordinatere wakati ambapo dunia nzima ilikuwa nazo chache sana. Mashini za wakati ule zilitumia taa za kioo, sawa zile za radio za babu zetu. Zilijaza chumba, zilikula umeme mwingi, na zilitoa joto kama jiko.

Kampuni iliuzwa kwa kubwa zaidi, na ile kubwa ikaungana na ingine. Makaratasi na mikutano vikawa vingi kuliko kazi. Mwaka wa 1957 kikundi kidogo, kikiongozwa na William Norris, kilitoka na kuanzisha kampuni mpya, Control Data. Cray hakukawia kuwafuata.

Makuta hayakuwa mengi. Cray aliamua kuachana na taa za kioo na kutumia transista, ambazo ni ndogo na hazipashi moto sana. Alinunua zile za bei nafuu, ambazo hazikuwa sawasawa zote, kisha akapanga michoro yake kwa namna ambayo hata transista dhaifu ingeweza kutumika. Mashini hiyo, CDC 1604, ilifika kwa wateja wa kwanza mwaka wa 1960, na kampuni ikapata nguvu.

Hapa tunaona tabia iliyomfuata mpaka mwisho. Cray hakuanza kazi kwa kutamani kitu kisichokuwepo. Alitazama kilicho mezani, akajua udhaifu wake, kisha akapanga kila kitu kufuatana na udhaifu huo. Alifanya kazi kwa kalamu ya risasi na karatasi za miraba, akiwa peke yake, mara nyingi usiku.

Fundi wa frigo anaingia

Mwaka wa 1962 Cray aliomba jambo ambalo wakubwa wa kampuni hawakulizoea. Alitaka kuondoka mjini, mbali na mikutano na simu, na kujenga maabara kwao Chippewa Falls. Walimkubalia. Timu yake ilikuwa ya watu 34 tu, na katika hesabu hiyo hata mfagiaji yumo.

Ni hapo walitengeneza CDC 6600. Ili kuelewa ugumu wa kazi hiyo, tuseme kidogo juu ya mbio za umeme. Ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umeme hauwezi kupita mbali zaidi ya sentimita 30, kimo cha rula ya mwanafunzi. Basi kama unataka mashini ifikiri haraka, nyaya zake lazima ziwe fupi. Ili ziwe fupi, vipande vyote lazima visogezwe karibu karibu. Na vikibanwa hivyo, upepo hauna tena nafasi ya kupita. Joto linakwama katikati kama watu waliofungiwa ndani ya chumba kisicho na dirisha.

CDC 6600 ilikuwa na transista karibu 400,000 zilizobanwa namna hiyo. Ventilatere peke yake isingetosha. Cray akamtegemea Dean Roush, injenia wa mambo ya ubaridi, na pamoja waliingiza ndani ya ordinatere kitu ambacho sisi wote tunakijua nyumbani: frigo. Gazi ya Freon, ambayo wakati ule ilitumiwa katika frigo za kawaida, ilipitishwa ndani ya tiyo zilizokaa kando ya vipande vya umeme. Ilichukua joto, ikalipeleka inje, ikapoa, ikarudi. Kabati la mashini lilikuwa na umbo la msalaba wa kujumlisha, na kila mkono ulikuwa na mtambo wake wa ubaridi kwenye ncha.

CDC 6600 ilitoka mwaka wa 1964 na ilikuwa na mbio mara tatu hivi kuliko iliyokuwa ya kwanza duniani, mashini ya kampuni kubwa ya IBM. Mkubwa wa IBM alikasirika sana. Aliandikia watu wake akiwauliza namna gani kikundi cha watu 34 kimewapita wao, walio na maelfu ya wafanyakazi na pesa zisizohesabika. Jibu lilikuwa ndani ya swali lenyewe: wachache waliokaa chumba kimoja, na yule wa mahesabu na yule wa frigo wakizungumza kila siku.

Mwaka wa 1969 ilifuata CDC 7600, yenye mbio zaidi. Lakini iliyofuata, 8600, ilimshinda. Vipande vilikuwa vingi, vimebanwa mno, na ile mashini haikutulia. Kampuni haikuwa na pesa za kumruhusu aanze upya. Mwaka wa 1972 Cray alitoka, bila matusi na bila kesi. Control Data yenyewe iliweka makuta ndani ya kampuni yake mpya, Cray Research.

Mashini ya umbo la C, na mafuta yaliyovuja

Kazi ya miaka iliyofuata ndiyo iliyomfanya Cray ajulikane dunia nzima. Mashini iliitwa Cray-1. Ukiiona kwenye picha huwezi kuisahau: nguzo zimesimama kwa duara ambalo halijafungwa, sawa herufi C, urefu wake karibu mita 2, na chini kuna kiti laini kinachoizunguka kama benchi ya salon. Wengi walidhani ni mapambo. Kumbe kila kitu kilikuwa na sababu. Umbo la C lilifupisha nyaya za katikati, kusiwe na waya unaopita mita 1.2. Na chini ya kile kiti kulifichwa vifaa vya kugawa umeme.

Nyaya zilikuwa za jumla ya kilomita zaidi ya 90. Ziliungwa kwa mkono, moja moja, na wanamke wa Chippewa Falls na vijiji vya kando, kila waya ukikatwa kwa kipimo chake kamili. Majina yao hayakuandikwa kwenye magazeti. Lakini waya mmoja ukizidi urefu, habari inachelewa kufika, na mashini ya mamilioni ya dola inatoa hesabu ya uongo.

Cray-1 ilikula wati 115,000 za umeme. Chukua pasi 115 za wati 1,000, ziwashe zote pamoja ndani ya sebule moja, na hapo utaelewa joto lililokuwa humo. Suluhisho lilikuwa hili: kila sehemu ya umeme ilikuwa na bamba la shaba katikati, shaba ikilibeba joto mpaka pembeni. Pembeni kulikuwa na nguzo za aluminiamu, na ndani ya nguzo zile kulipita tiyo za chuma zenye Freon. Shaba inampa aluminiamu, aluminiamu inaipa Freon, Freon inapeleka inje. Ni kama watu wanaopokezana ndoo wakati wa kuzima moto.

Kwa karatasi ilikuwa safi. Lakini mashini ya kwanza ilipowashwa, tiyo zilianza kuvuja. Si Freon peke yake iliyotoka. Kompresa ya ubaridi inahitaji mafuta, na mafuta hayo yalichanganyika na gazi, yakapenya kwenye viungo kama ukungu mwembamba, yakaenda kukaa juu ya sehemu za umeme mpaka zikapiga shoti. Miezi sita ikapotea. Kampuni haikuwa imeuza hata mashini moja, na pesa zilikuwa zinaisha.

Waliomwokoa Cray safari hii si wataalamu wa hesabu. Ni wachomeleaji. Ilibidi kutafuta namna mpya ya kuchomelea na kufunga zile tiyo ili zisitoe hata ukungu. Walipoipata, mashini ilisimama na kazi ikasonga. Ordinatere yenye akili kuliko zote za wakati wake ilikuwa karibu kufa juu ya kiungo cha tiyo.

Njia iliyopita karibu na kwetu

Mwaka wa 1976 Cray-1 ya kwanza ilipelekwa Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, kwa majaribio ya miezi sita. Hilo jina halipaswi kupita masikioni mwetu bure. Los Alamos ndiko zilikotengenezwa bomu za atomiki zilizoangushwa Japani mwezi wa Agosti 1945, na sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, kwetu Katanga, na wachimbaji waliopata kidogo sana kutoka jasho lao. Miaka 30 baadaye, maabara ile ile ilikuwa bado inapiga hesabu za silaha, na ilitaka mashini ya kuzipiga haraka zaidi.

Cray hakukana kama wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa silaha na watu wa siri za serikali. Wao njo waliokuwa na pesa. Lakini mashini zake zilifanya na kazi ingine. Kituo cha utafiti wa anga cha Marekani, NCAR, kilinunua Cray-1 mwaka wa 1977 kwa karibu dola milioni 9. Kituo cha Ulaya cha kutabiri hali ya hewa, kilichokuwa Reading, Uingereza, kilianza utabiri wake mwaka wa 1979 kwa kutumia Cray-1. Kutabiri mvua ya siku kadhaa mbele ni hesabu nyingi mno. Ukizipiga polepole, mvua inanyesha kabla hujamaliza kuhesabu.

Cray Research ilitarajia kuuza mashini chache tu. Iliuza zaidi ya 80.

Mtu wa kimya

Pesa na sifa zilikuja, lakini Cray hakuzipenda sifa. Alikwepa waandishi wa habari. Mikutano ilimchosha. Mwaka wa 1980 aliacha ukubwa wa kampuni yake mwenyewe na kuendelea kama fundi anayepewa kazi, ili awe na wakati wa kuchora.

Tabia yake moja ilijulikana kwa wote waliokuwa karibu naye: alichimba andaki. Chini ya nyumba yake kule Chippewa Falls alichimba kwa mkono, akizuia udongo usimwangukie kwa mbao za mwerezi. Wazo likimkatalia mezani, alishuka kuchimba, na mara nyingi alipopanda jibu lilikuwa limekuja. Kwa mzaha alikuwa akieleza wageni kama kuna viumbe wadogo wa msituni wanaokuja kumletea majibu wakati akiwa ndani ya shimo. Wazee wetu wa shambani wangemwelewa: mkono ukishika jembe, kichwa kinapumzika na mawazo yanajipanga yenyewe.

Kuizamisha mashini nzima

Kwa mashini iliyofuata, Cray-2, Cray alitaka kubana zaidi. Safari hii vipande vilipangwa kwa tabaka nane, moja juu ya ingine, kama matofali ya mkate uliokatwa na kufungwa tena. Katikati ya tabaka hizo hakukuwa na nafasi ya tiyo. Hata bamba la shaba halikuweza kuingia. Ubaridi ungepita wapi?

Jibu lake lilishangaza watu: aliizamisha mashini yote ndani ya majimaji. Si maji ya kawaida. Ilikuwa Fluorinert, majimaji angavu ya kampuni ya 3M, ambayo hayapitishi umeme. Unaweza kuyamwaga juu ya mashini inayofanya kazi na isipige shoti. Pompi iliyazungusha polepole kati ya tabaka, yakachukua joto, kisha yakapita mahali ambapo maji baridi yaliyapoza, na yakarudi. Kando ya mashini kulisimama tangi la kioo ambamo majimaji hayo yalianguka kama maporomoko madogo. Watu waliipa jina la utani la povu, juu ya mapovu yaliyoonekana humo.

Cray-2 ilitoka mwaka wa 1985 na ilikuwa na mbio mara kumi hivi kuliko Cray-1. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliinunua kwa hesabu za namna upepo unavyopita juu ya bawa la ndege.

Mashini iliyofuata ilimvunja

Hatuwezi kueleza maisha ya mtu kwa ushindi peke yake. Kwa Cray-3, alitaka kuachana na silikoni na kutumia madini mengine, gallium arsenide, yenye mbio zaidi lakini yenye taabu kubwa kuyafanyia kazi. Vipande vilikuwa vidogo mno hata mikono ya watu haikuweza tena kuviunga, ilibidi roboti. Mwaka wa 1989 alijitenga tena na kuanzisha kampuni ingine, Cray Computer, katika Colorado Springs.

Miaka ilipita na pesa zikapita. Vita Baridi iliisha, na serikali iliyokuwa inanunua mashini za bei ile ikafunga mkono. Wakati huo mafundi wengine walikuwa wameshika njia ambayo Cray aliidharau kwa muda mrefu: badala ya mashini chache zenye nguvu sana, kuunganisha vipande vidogo vya bei nafuu, mamia na maelfu, vikagawana kazi. Cray-3 moja tu ndiyo iliyofika kwa mteja, kule NCAR, mwaka wa 1993. Mwezi wa Machi 1995 kampuni ilifilisika.

Alikuwa na miaka 69. Mtu mwingine angekaa nyumbani. Cray alianzisha kampuni ya mwisho mwaka wa 1996, na sasa alikuwa tayari kujifunza ile njia ya vipande vingi ambayo aliikataa zamani. Hakupata wakati. Tarehe 22 Septemba 1996, gari lake liligongwa na kupinduka kwenye barabara kubwa karibu na Colorado Springs. Alifariki tarehe 5 Oktoba, akiwa na miaka 71.

Jina lake halikuzikwa naye. Mwaka wa 2022, mashini ya Marekani inayoitwa Frontier ilikuwa ya kwanza duniani kwa mbio, na ni ya ukoo wa mashini zenye jina la Cray. Imejengwa kwa maelfu ya vipande, kwa njia ile aliyoikataa. Lakini inapozwa kwa maji yanayozunguka ndani ya tiyo. Kwa habari ya joto, hakukosea.

Kwa anayetaka kuunga ya kwanza

Katika miaka ya 1990, vijana wa Ulaya na Marekani walianza kufanya nyumbani kile Cray alichokifanya kwa mamilioni ya dola. Walichukua radiyatere ndogo ya heater ya gari kuukuu, pompi ya tangi la samaki, tiyo za plastiki, na kipande cha shaba walichokitoboa wenyewe. Leo vifaa hivyo vinauzwa vimekwisha tayarishwa, lakini kazi ni ile ile: kibati cha shaba kinakaa juu ya kichwa cha ordinatere, maji yanapita ndani yake na kuchukua joto, yanakwenda kwenye radiyatere yenye ventilatere, yanapoa, yanarudi.

Kwa kijana wa Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira anayetamani kujaribu, maisha ya Cray yanamwachia mafundisho ambayo hayana haja ya pesa nyingi.

La kwanza, uliza kama unahitaji maji kweli. Ordinatere nyingi zinazozimika kwetu hazihitaji pompi. Zinahitaji kufunguliwa na kupanguswa vumbi, kufanyiwa mafuta mapya yale mazito yanayokaa kati ya kichwa cha mashini na chuma cha kupoza, na kuwekwa mahali ambapo upepo unapita, si kubanwa kwenye ukuta. Cray mwenyewe alikimbilia majimaji pale tu ambapo upepo ulishindwa.

La pili, kama umeamua kutumia maji, usiamini kiungo chochote kabla ya kukijaribu. Jaza maji, wacha pompi peke yake izunguke, mashini ingine yote ikiwa imekatiwa umeme, na weka karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Ngoja siku nzima, masaa 24. Karatasi ikilowa mahali, ni heri uijue sasa. Miezi sita ya Cray-1 ilipotea juu ya ukungu usioonekana kwa macho.

La tatu, tumia maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa mpaka kuwa mvuke na kukusanywa, sawa yale yanayouzwa kwa batri za gari. Maji ya robine ao ya ziwa yana chumvi na uchafu: yanapitisha umeme vizuri zaidi na yanaziba tiyo. Tena usichanganye shaba na aluminiamu ndani ya njia moja ya maji, juu metali hizo mbili zikikutana majini moja inakula ingine. Nguzo za Cray-1 zilikuwa za aluminiamu, lakini ile Freon ilipita ndani ya tiyo za chuma.

Na la mwisho ni la heshima. Tunapenda kumsifu mtu wa programu na mtu wa hesabu. Yule wa frigo, yule wa kuchomelea, na mama anayekata waya kwa kipimo, hatuwauliziagi majina. Mashini za Seymour Cray zilisimama juu ya watu hao. Siku mafundi wa ordinatere wa kwetu na mafundi wa frigo wa kwetu wataketi kwenye meza moja, hata ile ordinatere ya sekretariya, saa nane ya mchana chini ya bati, haitajizima tena.